Aliyeinua Mkono Bila Kuitika

Nilipokuwa nafundisha huku Muleba, mkoani Kagera, kidato cha pili kulikuwa na kijana ambaye jina lake likisomwa kwenye mahudhurio haitiki. Anainua mkono tu. Mwenzangu wa nidhamu alikiita kiburi, na dawa ya kiburi shuleni kila mtu anaijua. Muhula ulikwisha ndipo nikabaini kwamba mtoto alikuwa anaficha ulimi. Akifungua mdomo, Kirundi kinachungulia.

Alikuwa na sababu. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu siku chache waondoke; Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, wengine wakiwa wameishi huku miaka mingi, wamepalilia vibanja vyetu na kuoa kwetu. Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, hilo silibishii. Lakini mtoto aliyeona jirani akipakiwa kwenye gari kwa sababu ya lafudhi hasahau upesi, hata akibaki salama, hata akishonewa sare mpya.

Ndiyo maana nina ugomvi kidogo na ushauri unaosikika kila semina: mtoto aliyeumia aelezwe umuhimu wa kusema yaliyompata. Aseme kwa ulimi upi, mbele ya nani?

Mkoa huu haukosi pa kuanzia. UKIMWI ulitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka ya tisini bibi zetu walikuwa wakilea wajukuu waliozika wazazi wote wawili. Mwaka 1997 pale Nshamba ulianza mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya la kumtuliza aliyefikwa. Haukuishia kwenye madaftari na ada. Walimu na walezi walifundishwa namna ya kukaa na mtoto mwenye msiba. Baadaye yatima wenyewe wakawa na chama chao, Vijana Simama Imara, wakashikana mikono wao kwa wao. Sioni kwa nini ujuzi huo uwe wa yatima wa Kihaya peke yao.

Fimbo ndiyo inayotukwamisha. Kanuni zinataka viboko visizidi vinne, mkuu wa shule aidhinishe, viandikwe. Hakuna safu ya kuandika kwa nini mtoto hakuitika. Agosti 2018 mwanafunzi wa miaka 13 alifariki mjini Bukoba baada ya kuchapwa shuleni, akituhumiwa kuiba pochi ya mwalimu. Huwezi kumwambia mtoto atuamini huku mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyo huyo mwenye fimbo, na ushauri unatolewa katikati ya ofisi ya walimu, chai zikinywewa. Mtenganisheni mwalimu huyo na nidhamu, mpunguzieni vipindi, mpeni hata stoo yenye mlango. Na asiulize uraia. Hiyo kazi ina ofisi yake.

Yule kijana alizungumza siku ya kazi za mikono, tukiwa kwenye migomba ya shule, kila mtu na panga lake, hakuna anayemtazama mwenzake. Nilikuwa nakata kisiki bapa kama meza. Alivumilia, kisha ikamshinda.

“Mwalimu, kata mshazari. Hapo maji yatatuama.”