Kutoka Uwanjani Hadi Mezani

Mpira wanaoujua vijana wa Kituntu, huko Karagwe, ni ule wa miguu. Mpe mmoja wao mpira wenye umbo la yai, atakuuliza kwanza umekaliwa na nani. Hatumcheki, kwani raga imezoeleka Nairobi na Kampala kuliko kwetu. Basi mwezi huu twavuka mpaka kwenda Kenya kumtazama Bwana Humphrey Kayange.

Alizaliwa mwaka 1982, akasomea kemia, na raga akaichezea klabu ya Mwamba ya Nairobi. Mdogo wake, Collins Injera, alikuwa naye katika timu ya taifa ya wachezaji saba; wazazi wenye wana wawili wa mchezo mmoja watajua wenyewe kelele za nyumba hiyo.

Machi 2009 huko Dubai, Kayange akiwa nahodha, Kenya iliwafunga Fiji, waliokuwa mabingwa, 26 kwa 7, ikaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hapo Argentina ikaizuia. Wengi humkumbuka kwa siku zile. Sisi twamkumbuka zaidi kwa Oktoba ya mwaka huo huo, alipoweka jezi kando akavaa suti. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikutana Copenhagen kuamua kama raga irudishwe katika Michezo, ambamo haikuwamo tangu Paris 1924, naye alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda kuuombea mchezo wao. Kura 81 zilikubali, 8 zikakataa.

Lakini ruhusa hiyo ilikuwa ya mwaka 2016. Mchezaji wa miaka 27 akiambiwa angoje miaka saba, ni kama aliyepanda mbuni katika shamba asilojua kama atalivuna yeye. Magoti huchoka, na vijana wapya hawangoji. Hata hivyo, Rio ilipofika, Kayange alikuwamo kikosini, mwenye miaka 34. Kenya, iliyokuwa imetwaa kombe la Singapore mwezi Aprili kwa kuwalaza Fiji 30 kwa 7, iliambulia nafasi ya 11 kati ya timu 12. Hatuna haja ya kulificha hilo.

Alipoacha kucheza aliendelea na kazi ya kuwasemea wachezaji, hata akachaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ile ile aliyokwenda kuiomba. Twasikia kila mara wachezaji wakiwanung'unikia viongozi wasioujua mchezo. Malalamiko hayo aghalabu ni ya haki. Lakini ni wangapi hukubali kukaa kutwa mkutanoni wakisoma hesabu, mahali ambapo hapana mtu wa kuwapigia makofi? Huko Kituntu nako, tungependa kujua, daftari la michango ya timu hushikwa na nani: aliyewahi kucheza, au yule aliyekosa nafasi uwanjani?