Mwanagenzi na Ukungu wa Mona Lisa
Wapo washikiliao kuwa kunakili ni wizi mtupu. Dai hili halina mashiko. Mwaka wa 2012, jumba la makumbusho la Prado, Madrid, lilitangaza kwamba nakala yake ya Mona Lisa ilichorwa na mwanagenzi katika karakana ya Leonardo da Vinci, sambamba na mwalimu wake: masahihisho yaliyofichika chini ya rangi yanalingana. Kumbe mwanagenzi hakunakili tabasamu tu. Alinakili hata kusitasita kwa fundi! Wengi wajifunzao leo huukimbilia ukungu wa pembe za midomo, wakavuruga rangi za mafuta zingali mbichi, wakaambulia tope. Leonardo aliupata kwa matabaka membamba mno. Anayenakili na aanze na mchoro na vivuli, angoje rangi ikauke, ndipo auendee ukungu.