Wajapani wana 'asatte', sisi mtondo tumeutupa

Kijapani kina neno 'asatte', yaani keshokutwa. Limetokana na 'asu sarite': kesho ikishapita. Mpira ukirushwa ukaenda kando kabisa, Wajapani husema umeelekea upande wa 'asatte'. Hata jibu lisilohusiana na swali huambiwa hivyo hivyo. Hiyo imenibamba sana.

Kizaazaa kiko kwa 'shiasatte'. Tokyo, hiyo ni siku inayofuata keshokutwa. Lakini huko Mie kuna watu, hasa wazee, ambao siku hiyo huiita 'sasatte', na 'shiasatte' yao husogea mbele siku moja. Panga miadi na mtu wa huko uone!

Sisi hatuna kisingizio. Baada ya keshokutwa kuna mtondo, halafu mtondogoo. Yamo kwenye kamusi, lakini vijana wa Nairobi tunajizungusha tu: "ile siku ya baada ya keshokutwa, si unajua?" Na "keshokutwa" yenyewe tumeiharibu. Anayekudai doo akiisikia, anajua amepigwa chenga. Mwambie mtondo. Kama haelewi atauliza, na hapo itabidi utaje siku.