Cheti cha Ng'ambo Mlangoni pa Masinde Muliro

Msimu wa kuomba nafasi za vyuo vikuu unapowadia, huzuka hapa Kakamega suala ambalo kwa wengi huonekana dogo, kwa kuwa wanaoguswa nalo si wengi, lakini ambalo kwa wazazi wenyewe ni zito kuliko karo: mtoto aliye raia wa Kenya, ila akamaliza sekondari kwa mtihani usiokuwa wa Kenya, ana haki gani mbele ya chuo kikuu cha umma kinachoendeshwa kwa kodi ya baba na mama yake?

Aghalabu watoto hawa ni wale waliovuka mpaka, pale Busia au Malaba, wakasoma kidato cha tano na cha sita upande wa Uganda, wala si ajabu, maana watu wa Magharibi hawakuanza leo kutafuta elimu huko. Masinde Muliro, ambaye jina lake ndilo la chuo kikuu chetu kilicho kando ya barabara ya Webuye, alisoma Uganda, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi na shahada iliyomfaa yeye na nchi yake hata alipofariki mwaka 1992. Wako pia waliosoma mtaala wa Cambridge katika shule za kulipia, na wachache waliorejea na wazazi wao kutoka Marekani wakiwa na diploma ya shule ya huko.

Na tutazame yanayowakuta. KUCCPS, idara iliyorithi kazi ya kuwagawia wanafunzi nafasi kwa sheria ya mwaka 2012, hupokea maombi kwa njia ya intaneti, na ukurasa wake hauanzi kwa kumuuliza mwombaji amesoma nini, bali huanza kwa kutaka namba yake ya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, na mwaka alioufanya. Basi asiyekuwa na namba hiyo hana cha kuandika, hata angawa na alama za kuwapita wenzake wote. Hubakiwa na njia moja, nayo ni kupeleka maombi yake chuoni moja kwa moja kama mwanafunzi wa kujilipia, na madhali utaratibu wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023 umefungamanisha msaada wa serikali na uteuzi wa KUCCPS, msaada huo humpita. Kabla ya hayo hutakiwa alete ithibati kwamba cheti chake kimelinganishwa na cha Kenya, kazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa Baraza la Mitihani, KNEC, kisha sheria ya mwaka 2014 ikazaa mamlaka nyingine, KNQA, ikaipa jukumu la kutambua na kulinganisha sifa za masomo, na mzazi wa Shinyalu au Lugari akaachwa akiuliza ni nani hasa wa kumwendea. Ofisi zote hizo zimekaa Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa.

Chukua karatasi ya matokeo ya mtoto aliyemaliza Uganda, uisome kwa utulivu. Utaona masomo makuu matatu, tuseme Fizikia, Kemia na Biolojia, kila moja lina herufi yake, na kila herufi ina uzito wake, A pointi 6, B pointi 5, na kushuka hivyo hadi E pointi 2. Chini yake liko somo la maarifa ya jumla, na somo dogo la kompyuta au hisabati, ambayo humpa aliyefaulu pointi moja moja tu. Huyu amekaa darasani miaka 13, saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya juu, ilhali mwenzake wa mfumo wa Kenya wa 8-4-4 amekaa 12. Na akiingia chuo kikuu cha Kenya atasoma miaka minne sawasawa na huyo mwenzake. Amekwisha kutoa mwaka mzima zaidi wa ujana wake, na juu ya hayo anaulizwa kama elimu yake inatosha.

Swali hilo sisi wenyewe tulikwisha kulijibu zamani. Kidato cha tano na cha sita vilikuwapo Kenya hadi mwaka 1989, mtihani wa KACE ulipofanywa kwa mara ya mwisho. Kabla ya KNEC kuundwa mwaka 1980 lilikuwapo baraza moja la mitihani la Afrika Mashariki, na kabla ya baraza hilo mitihani ilitoka Cambridge yenyewe. Ndiyo sababu vyuo vikuu vyetu vingali vinaandika hata leo, katika masharti yao ya kupokea wanafunzi, kwamba anafaa aliyepata C+ katika KCSE, au aliyefaulu masomo makuu mawili katika mtihani wa kidato cha sita. Kanuni imo, na kwa kanuni hiyo wajomba zetu waliingia Makerere na Nairobi. Cheti tunachokiita cha kigeni ni ndugu wa kile kilichokuwa chetu, na afisa anayekikalia miezi anakalia jambo ambalo jibu lake limechapwa katika kitabu cha chuo chake mwenyewe.

Diploma ya Marekani ndiyo yenye utata wa kweli, wala sipendi kuuficha. Nchi ile haina mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari. Shule ndiyo inayotoa diploma, kwa masomo iliyoyafundisha na alama ilizozitoa, na wastani wake huhesabiwa kwa kawaida katika kipimo cha 4, na mtihani kama SAT ni jambo la mbali lisilokuwa sehemu ya diploma yenyewe. Wastani wa 3.5 uliopatikana kwa hesabu nzito na sayansi za maabara si sawa na wastani huo huo uliopatikana kwa masomo mepesi. Hapa mlinganishaji hana budi kutazama somo kwa somo, na chuo kina haki ya kudai zaidi, hasa kwa uhandisi na uuguzi. Lakini kudai zaidi ni mbali na kunyamaza, na mzazi aambiwe tangu mwanzo ni nini kinachodaiwa.

Wako wanaosema, na hoja yao haistahili kupuuzwa, kwamba mlango ukifunguliwa watakaoingia ni watoto wa matajiri, waliokwepa ushindani wa KCSE kwa fedha za wazazi wao, kisha warudi kuwania fedha za umma pamoja na mtoto wa mkulima wa miwa wa Mumias, ambaye hakupata kuchagua mtihani wala shule. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo utaratibu wa mwaka 2023 wenyewe hupima uwezo wa familia kabla ya kutoa fedha. Basi tajiri azuiwe na kipimo cha utajiri wake, asizuiwe kwa cheti, kwani cheti hakituambii neno juu ya mfuko wa mtu, na mama mchuuzi aliyemwacha binti yake kwa shangazi huko Mbale akasome kidato cha sita hana utajiri wowote wa kuogopwa.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba KNQA ichape jedwali moja la wazi kwa mitihani inayojulikana, UACE ya Uganda, mtihani wa kidato cha sita wa Tanzania, Cambridge, na diploma ya kimataifa ya IB ambayo alama zake za juu kabisa ni 45 na hutolewa kwa aliyefikisha 24, ili mwenye cheti cha namna hiyo ajisomee daraja lake mwenyewe pasipo kusafiri. Kwamba maombi ya kulinganishiwa vyeti yapokelewe na kujibiwa katika Huduma Centre ya Kakamega kwa muda uliotajwa. Na kwamba ukurasa wa KUCCPS uongezewe mahali pa kuandika namba ya cheti kilicholinganishwa, kwa kiwango kile kile cha C+ na ushindani ule ule. Vyeti vibaki kuwa kipimo, lakini visiwe kufuli.

Jambo hili halina muda wa kungoja. KCSE ya mwisho itafanywa mwaka 2027, na watoto wa mtaala mpya, walioingia gredi ya 10 Januari 2026, watamaliza mwaka 2028 wakiwa na cheti ambacho jirani zetu hawajapata kukiona. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitangaza Mei 2017 kwamba zote ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo litatahiniwa pale mtoto wa Kakamega atakapopeleka cheti hicho kipya Makerere, akitaka kusomea utabibu, na karani wa Kampala akageuza karatasi akitafuta masomo makuu asiyaone. Wizara ya Elimu na iwatume watu wake Kampala na Dodoma mapema, wakiwa na jedwali letu mkononi, wakawaonyeshe wenyeji wao jinsi tulivyowapokea watoto waliotoka kwao.