Nani Atampanda Farasi wa Yennenga?



Wasomaji wapendwa, nimepata barua ya mwanafunzi mmoja wa Kikula, hapa kwetu Likasi. Jina lake nitalihifadhi, maana hakuniandikia ili apate kuonywa mbele ya watu. Asema kwamba yeye na wenzake saba wapenda sinema kupita kiasi. Tena wamekusanya fedha, kila mmoja faranga elfu tano, wakapatana ya kuwa yeyote atakayeitaja mapema sinema itakayoshinda katika Fespaco ya 30, ndiye atakayezichukua zote. «Wewe, mzee wetu wa sinema,» aniambia, «umekwisha kuona nyingi. Tutajie jina moja tu.» Mwisho wa barua ameongeza neno moja dogo, na neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo: fedha yake alipewa na mama kwa ajili ya kununua madaftari.

Kijana wangu, nitakujibu. Lakini kwanza yafaa wasomaji wote wajue twasema juu ya nini.

Fespaco ni sikukuu kubwa ya sinema za Afrika. Ilianza mwaka 1969 katika mji wa Ouagadougou, nchini Burkina Faso, na sasa hufanyika kila baada ya miaka miwili. Tangu mwaka 1972 sinema iliyo bora kuliko zote hupewa tuzo liitwalo Farasi wa Yennenga. Yennenga, kwa masimulizi ya Wamosi, alikuwa binti wa mfalme, hodari wa vita na wa kupanda farasi, na Wamosi wamhesabu kuwa mama wa taifa lao. Sanamu inayotolewa yamwonyesha juu ya farasi wake, mkuki mkononi. Kuna farasi wa dhahabu, wa fedha na wa shaba.

Sisi Wakongo si wageni katika sikukuu hiyo. Mwaka 1999 Farasi wa Dhahabu alikuja kwetu, kwa sinema ya Bwana Ngangura Mweze, «Pièces d'identités». Mwaka 2017 alishinda Bwana Alain Gomis wa Senegal kwa «Félicité», ambayo ni habari ya mama mwimbaji wa Kinshasa anayezunguka mji mzima kutafuta fedha ya kumtibu mwanawe. Na mwaka 2019 alishinda Bwana Joel Karekezi wa Rwanda kwa habari ya askari wawili waliopotea katika misitu ya Kongo wakati wa vita.

Basi, je, mimi ni mtabiri hodari? Hapana. Katika Fespaco ya mwaka 2025 nalibashiri, nikakosa vibaya. Naliwaambia jamaa zangu kwamba Farasi wa Dhahabu atakwenda kwa Bibi Rungano Nyoni wa Zambia, kwa sinema yake «On Becoming a Guinea Fowl». Nalikuwa na sababu tatu. Kwanza, mwaka uliotangulia alikuwa amepewa tuzo ya uongozi wa sinema huko Cannes, Ufaransa. Pili, ndani yake watu wanasema Kibemba, lugha ambayo wengi wetu hapa twaisikia nyumbani. Tatu, habari yenyewe ni nzito: msichana anaikuta maiti ya mjomba wake barabarani usiku, na siku za matanga zinapoendelea, yafunuliwa kwamba marehemu aliwatenda maovu mabinti wa ukoo, na wakubwa walijua wakanyamaza. Mzazi Mkristu akiiona hawezi kulala usingizi kabla hajajiuliza ni nini kinachofichwa nyumbani mwake mwenyewe.

Matokeo yakaja. Sinema yangu ikapata Farasi wa Shaba. Jamaa walinicheka, wakasema kwamba shaba yatosha kwa mtu wa Katanga! Farasi wa Fedha alipewa Bwana Mo Harawe, Msomali, kwa «The Village Next to Paradise». Naye wa Dhahabu akabaki nyumbani Burkina Faso, kwa Bwana Dani Kouyaté. Mimi nalikuwa nimesema ya kwamba wenyeji hawatapata, kwa sababu walikuwa hawajamshika farasi huyo tangu Bwana Gaston Kaboré alipompata mwaka 1997, yaani miaka 28. Nalisahau methali ya wazee: mcheza kwao hutuzwa.

Na jina la sinema hiyo iliyonishinda, je, mwalijua? Yaitwa «Katanga». Msidhani ni habari ya migodi yetu. Katanga ni jina la mtu, jemadari wa mfalme katika ufalme wa kubuniwa. Bwana Kouyaté ameutwaa mchezo wa Macbeth, ulioandikwa na Mwingereza Shakespeare miaka mia nne na zaidi iliyopita, akauvika mavazi ya kwao, akautia katika lugha ya Kimoore, na picha zake ni nyeusi na nyeupe kama zile za zamani.

Sasa, kijana wa Kikula, sikiliza vema habari ya jemadari huyo, maana yakuhusu. Alikuwa mtu mwaminifu, mwenye cheo cha kutosha. Akaenda kwa mtabiri. Mtabiri akamwambia: utakuwa mfalme. Tangu siku ile hakuwa na raha tena. Neno lile moja likamla moyo, mkewe naye akamchochea, hata akaimwaga damu ili utabiri utimie. Haya basi! Mnawekeana fedha juu ya ubashiri, na sinema iliyoshinda mwaka 2025 yaonyesha jinsi mtu anavyoangamia kwa kupenda mno kuijua kesho.

Liko na jambo jingine la mwaka ule. Mkuu wa mahakimu wa sinema ndefu aliwekwa Bwana Souleymane Cissé wa Mali, ambaye mwenyewe alikuwa amempata Farasi wa Dhahabu mara mbili, mwaka 1979 na mwaka 1983. Watu wote walimngoja. Siku tatu tu kabla ya sikukuu kufunguliwa, tarehe 19 Februari, alifariki dunia mjini Bamako, mwenye umri wa miaka 84. Aliyewekwa kuwa hakimu akaitwa mbele ya Hakimu. Kati ya watabiri wote wa sinema, ni nani aliyelibashiri hilo?

Pengine utaniuliza: je, kubashiri ni dhambi? Tutenganishe mambo matatu. Kwenda kwa waganga na waaguzi ili kuijua kesho, hilo Kanisa lakataza kabisa. Kucheza kwa fedha, Katekisimu ya Kanisa Katoliki katika nambari 2413 yasema kwamba si dhambi kwa asili yake, lakini haikubaliki pale inapomnyang'anya mtu kile anachokihitaji kwa maisha yake au ya wenzake. Fedha ya daftari si ya mchezo. Ni jasho la mama yako. Irudishe. Lakini jambo la tatu, yaani kutazama kwa makini, kupima, kisha kusema «nadhani hii itashinda, na sababu zangu ni hizi», hilo si dhambi hata kidogo. Ni mazoezi ya akili, na Mungu hakutupa akili ili ipate kutu.

Basi nitakupa ubashiri wangu kwa namna hiyo. Jina la sinema sikutajii, kwa maana mtu anayemtaja mshindi kabla hajaiona sinema hapimi kitu, abahatisha tu. Lakini nakupa mambo matatu ya kutazama.

La kwanza, tazama lugha. Mwaka 2025 sinema zote tatu zilizopewa farasi zilisema lugha za wenyewe: Kimoore, Kisomali, na Kibemba pamoja na Kiingereza. Mahakimu waona upesi kama mtu asema kwa kinywa chake au kwa kinywa cha kuazima. Kwa hiyo nabashiri kwamba itakayoshinda itasema lugha ya nyumbani.

La pili, usiogope wala usiabudu sifa za Ulaya. Farasi wa Fedha na wa Shaba wa mwaka 2025 walikwenda kwa sinema zilizokwisha kuonyeshwa Cannes mwaka 2024. Wa Dhahabu hakwenda huko. Mimi nalidanganyika kwa kufuata sifa hizo. Sifa ni kama moshi: zaonyesha kwamba pana moto, lakini hazikuambii ni nini kinachopikwa.

La tatu, na hili ndilo nilipendalo kuliko mengine. Tangu mwaka 1972 hata mwaka 2025 Farasi wa Dhahabu hajapewa mwanamke hata mmoja. Fikirini, ndugu zangu! Sanamu yenyewe ni ya mwanamke juu ya farasi, na kwa miaka zaidi ya hamsini wanaume peke yao ndio wanaoichukua nyumbani. Nabashiri kwamba jambo hili halitadumu. Ikiwa si katika Fespaco ya 30, basi katika moja ya zile zitakazofuata, mama au binti wa Afrika atampanda farasi wa Yennenga. Wala hatapewa kwa kuonewa huruma. Atapewa kwa kazi yake.

Hata hivyo lipo swali lililo kubwa kuliko hayo, nalo ndilo liniumalo. Kwa nini sisi wa Likasi twabashiri ushindi wa wengine tu?

Nchi yetu imekwisha kuonekana katika sinema zenye tuzo. Mwaka 2016 ilitoka «The Siege of Jadotville», habari ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapa mjini Septemba 1961, wakati mji wetu ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Ilipata tuzo huko Ireland mwaka 2017. Ni sinema ya ushujaa, sikatai. Askari wale walipigana siku tano, wasijisalimishe mpaka risasi na maji vilipokwisha. Lakini picha zake zilipigwa Afrika ya Kusini. Waonekana askari wa pande zote mbili, na wakubwa wa siasa. Jamaa za mjini, mama waliowaficha watoto chini ya vitanda siku zile, hao karibu hawaonekani. Mzee wa Panda akiitazama atautafuta mji wake, asiuone.

Mwaka huo huo wa 2017 sinema nyingine ilipata tuzo kubwa katika Juma la Wahakiki huko Cannes. Jina lake ni la Kiswahili, «Makala». Yamfuata kijana mmoja wa upande wa Kolwezi: aukata mti mkubwa, auchoma uwe makala, aipakia kinga yake magunia mpaka baiskeli yenyewe haionekani, kisha aisukuma kwa miguu kama kilometa hamsini mpaka mjini, na njiani watu wamtoza fedha. Afanya hayo yote ili amjengee mkewe na wanawe nyumba. Hapo twajiona sisi wenyewe. Ni nani kati yetu asiyewaona watu hao kila asubuhi barabarani? Lakini aliyeipiga sinema hiyo ni Mfaransa, Bwana Emmanuel Gras. Twamshukuru kwa kutazama kwa upendo. Ila ni aibu kidogo kwamba jambo lipitalo kila siku mbele ya mlango wetu, ilimpasa mgeni atoke mbali ili aone kwamba lastahili kutazamwa.

Mababa Watakatifu waliyaona hayo mapema. Mwaka 1936 Papa Pio XI aliandika barua «Vigilanti Cura» juu ya nguvu ya sinema ya kujenga au kubomoa roho za watu, na mwaka 1957 Papa Pio XII akaandika «Miranda Prorsus» juu ya sinema, redio na televisheni. Wakatoliki wa sinema walikuwa wamekwisha kuungana tangu mwaka 1928 katika chama kiitwacho OCIC, ambacho mwaka 2001 kiliungana na chama cha redio na televisheni kikawa SIGNIS. Hata leo SIGNIS hupeleka mahakimu wake katika sikukuu nyingi za sinema ili kuzitafuta zile zinazoinua heshima ya mtu. Kanisa halikusema: fumbeni macho. Lilisema: jifunzeni kutazama.

Basi, kijana wangu wa Kikula, hili ndilo jibu langu. Rudisheni fedha. Nunueni madaftari. Daftari moja liwe la sinema. Kila mwonapo sinema, andikeni mambo manne: nani asema, kwa lugha gani, nani hakupewa nafasi ya kusema, na moyo wako umebaki na nini. Siku ya matokeo ya Fespaco someni daftari hizo pamoja, mbele ya wazazi kama mwaweza. Atakayekuwa amebashiri sawa, wenzake wampigie makofi. Yatosha.

Na katika kurasa za mwisho za daftari, andikeni habari moja ya mtaa wenu ambayo hakuna mgeni awezaye kuijua. Hiyo nitapenda kuisoma, hata kama haitapata farasi yeyote.

Nawatakia Dominika njema, ninyi na jamaa zenu.

Mpenda Sinema wa Likasi