Uhuru wa 1961 haukumwondoa Malkia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalosahauliwa kila ifikapo Desemba 9. Vijana wengi hudhani kuwa siku hiyo mwaka 1961 ndipo tulipoachana na utawala wa kifalme. Sivyo. Siku ile tulipata Uhuru, lakini Malkia Elizabeth wa Pili aliendelea kuwa Mkuu wa Nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Tanganyika ilikuwa Jamhuri Desemba 9, 1962, Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais.

Kwa nini wananchi hawakutosheka na bendera peke yake? Wapo wasemao kuwa watu humkataa mfalme kwa sababu ni mgeni na anakaa mbali. Mimi naona sababu kubwa ni amri zitolewazo bila kuulizwa wale wanaotakiwa kuzitii.

Huku Usukumani ushahidi upo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kulima kwa matuta na kupunguza ng'ombe wao. Pengine baadhi ya amri hizo zilikuwa na faida kwa ardhi, lakini nani aliulizwa? Mwaka 1954 TANU ilinyimwa kuandikishwa huku, na marufuku hiyo ikaendelea hadi 1958. Mwaka huo huo Geita ililetewa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi. Wananchi walilikataa, wakaenda Mwanza kwa wingi kumweleza mkuu wa jimbo, na baraza lile halikudumu. Hawakuwa na ugomvi na Malkia ambaye hawakupata kumwona. Walidai kuulizwa.

Zanzibar nako Uhuru ulikuja Desemba 10, 1963, Sultani akabaki Mkuu wa Nchi. Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 12, 1964, yakatokea Mapinduzi. Na nchi ya Barbados, iliyokuwa huru tangu 1966, ilimwondoa Malkia kwa amani Novemba 30, 2021. Njia ni mbalimbali, lakini dai ni moja: madaraka yatoke kwa wananchi.

Ndugu Mhariri, kama hiyo ndiyo maana ya Jamhuri, basi kazi haikwisha 1962. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji madaraka ya juu katika mambo ya kijiji. Kiongozi anayekuja mkutanoni na uamuzi aliokwisha kuukata, akataka apigiwe makofi tu, anafanya kazi ya Gavana. Na mwananchi anayekwepa mkutano, kisha akalalamika kilabuni, anamsaidia.

Viongozi watuulize, na sisi tuhudhurie tujibu.

Mwananchi,
Nyahanga, Kahama.