Mgeni aje Tchegera, lakini mwenyeji wa Masisi apone

Ukitazamwa kutoka juu, kisiwa cha Tchegera ni kama mwezi mchanga uliolala juu ya Ziwa Kivu, magharibi mwa Goma. Ni ukingo wa kreta ya volkano ya kale. Sehemu kubwa ya kreta hiyo imezama, na kilichobaki juu ya maji ni mkono mwembamba wa ardhi uliopinda na kukumbatia maji tulivu. Kisiwa kiko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo iliweka huko kambi ya mahema kwa wageni wanaotaka kupumzika baada ya kuwaona gorila wa milimani au kupanda Nyiragongo.

Kwa anayepanga likizo ya kutazama maumbile, sababu za kukichagua si chache. Ziwa Kivu halina mamba wala viboko. Asubuhi mgeni hupiga kasia na kutazama ndege. Jioni hukaa mbele ya hema akiwa na Nyiragongo na Nyamulagira upande wa kaskazini, na lava inapokuwa hai ndani ya kreta, wingu lililo juu ya mlima huwa jekundu usiku kucha. Njia ya anayetoka ng'ambo inajulikana: hushuka Kigali, huenda kwa gari hadi Gisenyi, huvuka mpaka na kupanda boti Goma. Tangu M23 ilipouteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia hiyo ndiyo iliyobaki.

Sasa wapo wanaouliza kama wakati wa kurudi umefika. Hoja inayotolewa kwa haraka ni kwamba kisiwa ni kisiwa: kimezungukwa na maji, kina walinzi, na vita viko ng'ambo, huko vilimani. Hoja hiyo ina kasoro moja kubwa. Huko vilimani ni Masisi, na Masisi inafika hadi ufukweni, Sake, Shasha na Bweremana, kwenye ziwa lile lile.

Safari ya kwenda Tchegera imepangwa vizuri, na hilo lazima lisemwe. Boti ina injini ya kuaminika. Kila abiria ana jaketi la kuokolea. Kuna mlinzi, kuna redio ya mawasiliano, na kuna mtu anayejua leo mlima umeamkaje. Hakuna anayeona mambo hayo kuwa anasa. Mgeni asingekubali kupanda bila hayo, na wakala wa safari asingethubutu kumwuzia tiketi.

Linganisha na safari ya mama wa Masisi. Mwanzoni mwa 2024 mapigano yalipofika Shasha na Sake, barabara ya Goma kwenda Minova ilikatika. Maharage, viazi na ndizi, ambavyo zamani viliingia mjini kwa malori, pikipiki na chukudu, vikahamia majini. Ndivyo ilivyokuwa hadi tarehe 3 Oktoba 2024, siku ambayo MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Watu waliokuwa wamesimama ufukweni kuwapokea ndugu zao waliiona ikizama. Makumi ya abiria walikufa, mita chache kutoka nchi kavu.

Wala halikuwa jambo jipya. Aprili 2019, baada ya ajali nyingine katika ziwa hili upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi alikwenda kuwafariji wafiwa, na ikatangazwa kwamba jaketi za kuokolea ni lazima kwa kila abiria. Miaka mitano baadaye amri hiyo haikuwa imefika Minova. Ilikuwa imefika kwenye boti za watalii, kwa sababu huko kuna mtu anayelipa na mtu anayeuliza.

Jambo la pili ni hewa yenyewe. Kati ya Goma na Sake watu wana neno lao, mazuku, ambalo wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua jinsi lilivyo. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini katika eneo la volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya katika mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Haina rangi. Mbuzi huingia humo asitoke, na mtoto anayemfuata mbuzi huenda naye asitoke. Mtu mzima aliyesimama wima anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto wake anakufa, kwa tofauti ya kimo tu.

Mgeni anayekwenda kulala katika eneo la volkano huelezwa hatari zake kabla ya kushusha mzigo. Lakini wakimbizi wa Masisi walipofurika pembezoni mwa Goma, kambi zao zilienea Bulengo na Mugunga, katika ukanda ule ule unaojulikana kwa mazuku, juu ya lava isiyochimbika hata choo. Kutoka Bulengo hadi Tchegera ni safari fupi ya boti. Kwa miezi mingi upande mmoja wa maji hayo ulikuwa na mahema ya turubai yaliyobanana na upande wa pili mahema ya likizo, yote chini ya mlima mmoja. Kisha Februari 2025 watu wa kambi hizo waliambiwa na M23 waondoke kwa muda wa siku chache, na wengi wakarudi Masisi kwenye nyumba zisizo na paa na mashamba ambayo hakuna aliyehakikisha kwamba hayana mabomu yaliyoachwa.

Na mlima? Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila onyo, na watu wapatao 30 wakafa. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikuwa kimekaa miezi bila intaneti ya kupokea takwimu za mitambo yake, kwa kuwa ufadhili ulikuwa umekwisha Oktoba 2020. Siku tano baada ya mlipuko, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Mamia ya maelfu walitembea usiku na mchana, wengi wao kuelekea Sake. Masisi, ambayo leo hutajwa kama mahali pa kukimbia, ndiyo iliyowapokea watu wa mjini, wakalala makanisani, shuleni na barazani kwa watu. Wazee wa Sake wana kumbukumbu ndefu zaidi: katika mlipuko wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940, lava ilishuka hadi ziwani hapo hapo kwao.

Kituo kinachosoma mitetemo ya mlima kinamlinda mtalii wa usiku mmoja na kinamlinda muuza sambaza wa miaka yote. Kukiendesha si kazi ya msimu wa watalii. Kama kuna fedha za kumpa mgeni taarifa ya mlima, zipo pia za kupigia kengele Sake na Kirotshe. Anayedai za kwanza zipo na za pili hazipo amechagua tu.

Walikale ina kisa chake, nacho kinazungumzwa kidogo mno. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970 kwenye milima karibu na Bukavu. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi kilomita za mraba 6,000, ikachukua misitu ya bondeni, ikiwemo ya Walikale, pamoja na vijiji vilivyokuwa humo. Gorila wa nyanda za mashariki, ambao hawapatikani popote duniani nje ya Kongo, wengi wao wako katika misitu hiyo ya chini. Lakini mtalii anayekwenda Kahuzi-Biega huanzia Tshivanga, huko milimani, na pesa yake huishia huko. Walikale ilipewa kazi ya kutunza msitu na haikupewa mgeni hata mmoja. Ilichopata ni machimbo ya bati ya Bisie na makundi ya silaha yanayoyafuata. Machi 2025 M23 ilifika Walikale mjini, mgodi ukasimamisha kazi kwa wiki kadhaa, na wakazi wakakimbilia msituni, msitu ule ule ambao kila mara huambiwa wasiuguse.

Kwa hiyo mtu anapopanga likizo ya Tchegera hapangi kisiwa peke yake. Anakula jibini ya Masisi na viazi vya Masisi. Analindwa na vijana wa vijiji vya jirani. Mei 2018 mlinzi Rachel Masika Baraka, aliyekuwa na miaka 25, aliuawa kaskazini mwa Goma akiwalinda watalii wawili Waingereza waliotekwa nyara. Watalii waliachiwa baada ya siku mbili na kurudi kwao. Virunga ilifunga milango hadi Februari 2019. Tangu hifadhi ianzishwe, walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Anayesema kisiwa ni salama kwa sababu kina walinzi anapaswa kukumbuka usalama huo unalipiwa na nani.

Je, basi wageni wakatazwe? Hapana. Kila utalii unapofungwa, wa kwanza kukosa mshahara ni mpishi, mwendesha boti na mfua shuka, na kijana aliyekosa kazi karibu na Sake hahitaji kutafuta sana ili apate bunduki. Utalii uliopangwa vizuri ni sababu mojawapo ya kutaka amani, na hapa zinahitajika zote. Lakini waliokuwa wakiambiwa "mgeni njoo, mwenyeji apone" wamesubiri kupona kwa muda mrefu.

Kipimo cha kurudi kwa likizo kwenye kisiwa hiki hakipaswi kuwa idadi ya mahema yaliyo tayari. Anayetoza ada ya kulala Tchegera, awe hifadhi, wakala wa Kigali au mamlaka yoyote inayoketi Goma leo au kesho, aeleze hadharani ni sehemu gani ya ada hiyo inanunua jaketi za abiria wa Kituku na Minova, inaweka alama kwenye mashimo ya mazuku kutoka Bulengo hadi Sake, na inafika Walikale kwa wanaolinda msitu bila kumwona mtalii. Nao wageni waulize kabla ya kulipa, kama wanavyouliza juu ya maji ya moto na chandarua. Swali la jaketi ni rahisi kuliko yote, kwa sababu jibu lake linahesabika: asubuhi yoyote mtu anaweza kusimama Kituku, boti ya kutoka Minova inapotia nanga, akahesabu abiria, kisha akahesabu jaketi.